Nyuma ya Goli la Oduor

Mwanamke mwenye mimba ya miezi minane hana kazi uwanjani. Subira alilisema hilo asubuhi, akalirudia alipokuwa akivaa buibui, na hakuna aliyemsikiliza. Sasa jua la Kisumu lilikuwa limemkalia utosini, saruji ya jukwaa ilimchoma kupitia leso aliyoikunja, na hakuwa hata na pa kunyoosha mguu.

Kushoto kwake alikuwa baba yake, Mzee Bakari, muuza vitambaa wa Kibuye, ameketi wima na bakora katikati ya magoti. Kulia alikuwa kaka yake Saleh, mabega mapana, redio ndogo sikioni. Mama yake, Zeituni, alikaa ngazi ya nyuma, magoti yake yakimgusa Subira mgongoni. Mbele alikaa mwanamke mnene asiyemjua, mwenye kofia ya majani pana kama ungo. Mtu angedhani familia imemzunguka binti yao kwa mapenzi. Na mapenzi yalikuwepo, tusiwasingizie, lakini hata kuku wa kuthaminiwa huwekwa tengani.

"Baba, mimi ningebaki nyumbani nilale," alisema.

"Ubaki na nani?"

"Na ukuta."

"Ukuta hauna miguu ya kukufuata mpaka stejini," Mzee Bakari alijibu bila kumtazama.

Saleh alicheka puani. Wiki iliyopita Subira alikuwa amefunga nguo zake katika leso, akatoka na mwendo wake wa bata mpaka steji ya magari ya Muhoroni. Mguu mmoja ulikuwa umeshakanyaga ngazi ya gari Saleh alipomshika kiwiko, kwa adabu kabisa, kama anayempokea mgeni. Tangu siku hiyo hakuachwa peke yake hata akienda kuanika nguo. Na leo ilikuwa fainali ya Kombe la Nyanza, Ziwa Stars ya Kisumu na Miwa ya Muhoroni. Mzee Bakari aliipenda Ziwa kuliko alivyopenda chakula chake. Kwa kuwa nyumba nzima ilikuwa inakwenda mpirani, mfungwa naye alibebwa pamoja na chupa ya chai.

Kwao mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa wazazi wa mke. Mume humleta mkewe tumbo likishakuwa kubwa, humwacha mikononi mwa wakwe, na baada ya arubaini huja mwenyewe kumchukua. Asipokuja, mke hatoki. Akitoka peke yake, ametoroka. Ni desturi nzuri, imewalinda wanawake wengi. Lakini Mzee Bakari aliigeuza kuwa kufuli, maana mkwe mwenyewe hakuwa mkwe aliyemtaka.

Mkwe huyo alikuwa Oduor, fundi wa kuchomelea katika kiwanda cha sukari Muhoroni na kipa wa Miwa. Alikuja Kibuye siku moja kumnunulia mama yake kitambaa, akapimiwa na Subira, na kuanzia hapo akawa haishiwi na haja ya vitambaa. Mama yake huko nyumbani akawa na mapazia mpaka jikoni. Kijana alisilimu, akaitwa Seif, akaoa kwa ndoa iliyosomwa msikitini. Mzee Bakari alitoa idhini kama anayeng'olewa jino. Alimwambia Oduor usoni, siku ya posa, "Hilo jina la Seif umelivaa kama jezi. Mchezo ukiisha utalivua."

Miezi miwili sasa Subira alikuwa kwao, na mume hajaonekana. Kila alipouliza alijibiwa lile lile.

"Hajaja."

"Hata salamu?"

"Hata salamu."

Alikuwa amelia mpaka akachoka kulia. Kilichobaki kilikuwa kama kiu, hamu ya mkono mmoja tu, ule mkono mpana wenye makovu ya cheche na harufu ya molasi, ambao ulikuwa ukiwekwa juu ya tumbo lake usiku na kumtuliza mtoto.

Timu zikaingia. Ziwa walipita getini wakipunga mikono. Miwa walifanya kama kawaida yao, waliruka ua wa waya mmoja mmoja, maana walisadiki kwamba getini pamefukiwa dawa. Watu walicheka. Wa mwisho kuruka alikuwa mrefu, jezi ya kijani, glavu amezishika kwa meno.

Moyo wa Subira uliruka pamoja naye.

"Si ulisema huyo yuko benchi?" Mzee Bakari alimnong'oneza Saleh juu ya kichwa cha Subira, kana kwamba mimba humziba mtu masikio.

Saleh alishusha redio. "Alikuwa benchi, Baba. Hata mimi sielewi."

Subira alielewa mara moja, na alichoelewa kilimkata maini. Wazee wa Miwa walikuwa na sheria yao: mwanamume ambaye mkewe ana mimba hawekwi golini. Oduor mwenyewe ndiye aliyemsimulia, wamelala katika nyumba yao ya kampuni, akicheka gizani. "Wazee wanasema mlango ukiwa njiani kufunguka nyumbani, unafunguka na golini. Mpaka ujifungue, mimi na benchi."

"Utanichukia?" alikuwa amemuuliza.

"Nitazoea benchi. Benchi haipigi mtu mateke usiku kama huyu wako."

Na sasa alikuwa golini, anapima milingoti kwa hatua zake ndefu. Basi amewaambia nini wazee? Amewaambia hana mke mjamzito. Amemkana. Kwa sababu ya mpira.

Saleh aliiona njia, akaipita. "Umeona sasa? Amewaambia watu hana bibi. Na wewe ulikuwa unataka kupanda gari umfuate."

"Nyamaza, Saleh."

"Mimi nakuambia ukweli."

"Nimesema nyamaza."

Alijikunja juu ya tumbo lake. Angeweza kuinuka angeondoka, angetembea mpaka ziwani akalie huko mahali pasipo na mtu. Lakini mkono wa baba ulikuwa huku, wa kaka ulikuwa kule, magoti ya mama nyuma, na ile kofia mbele. Mtoto alimpiga teke chini ya mbavu, halafu akamkalia kibofu. Alikuwa amebanwa na haja ndogo tangu kabla ya filimbi, na aliona aibu kusema.

Mchezo ulikuwa mkali. Mshambuliaji wa Ziwa alipiga shuti la chini, jukwaa zima likasimama, na Oduor akalala ubavuni akaukumbatia mpira. Mwanamke wa kofia peke yake ndiye aliyepiga makofi.

"Wewe mama ni wa Miwa?" mtu alimuuliza kwa ukali kutoka juu.

"Mimi natoka Muhoroni, nishangilie nani?" alijibu, akigeuka na kofia yake yote. "Naitwa Dorca. Bwana yangu anaendesha trakta ya miwa. Nimekosa nafasi huko kwa watu wetu, ndiyo nimekaa na nyinyi. Mnivumilie tu." Macho yake yakamwangukia Subira, yakashuka tumboni, yakalainika. "Woi, mtoto wangu. Na jua hili? Chukua njugu."

Subira alipokea njugu. Hakuweza kujizuia. "Yule kipa wenu ni mzuri."

"Oduor? Yule ni mkono wa Mungu. Ni vile tu amepata shida." Dorca alishusha sauti, ile sauti ya mtu anayependa kueleza. "Alikuwa ametolewa golini, kwa sababu bibi yake ana mimba. Wazee wetu wana hiyo maneno yao. Halafu juzi juzi wakamrudisha. Mimba ilitoka, yawa. Mtoto alipotea."

Njugu zilibaki mkononi. "Nani alisema ilitoka?"

"Si watu wa huyo msichana? Wako hapa Kisumu. Kijana alikuja kumwona bibi akafukuzwa mlangoni. Akarudi tena na mbuzi, ya kusema pole. Mbuzi ikarudishwa. Akarudi tena, akaambiwa msichana hataki hata kusikia jina lake, angojee tu waitwe kwa kadhi. Bwana yangu anasema huyo kijana alikuwa anachomelea chuma akilia ndani ya ile kinyago ya macho. Hata golini hakutaka kurudi, alirudishwa kwa nguvu. Sasa wewe niambie, watu wengine wana roho gani?"

Bakora ya Mzee Bakari ilikuwa imetulia katikati ya magoti. Redio ya Saleh ilisema yenyewe. Mchimba kisima huingia mwenyewe: walitunga uongo wa kumweka Oduor mbali, na uongo huo ndio uliomtoa benchi chini ya turubai ukamsimamisha golini mbele ya macho ya mkewe.

Dorca aligeukia mchezo, asijue amefanya nini. Subira alizungumza polepole, akitazama mbele.

"Saleh. Mbuzi alirudishwa na nani?"

"Ongea polepole, watu wanasikia."

"Nani alisema mtoto wangu amekufa?"

"Mimi nilitafuta tu kitu cha kumrudisha. Baba alisema nimwambie lolote."

"Tutaongea nyumbani," alisema Mzee Bakari.

"Nyumbani ni wapi, Baba?"

Mzee alikaza taya. Hakuwa mtu katili. Usiku alikuwa akiamka kumwuliza bintiye kama amekunywa maji. Alikuwa mtu aliyeamua jambo, na akaona aibu kurudi nyuma. "Nilisema mbele ya majirani, na wengine wako hapa hapa," alisema. "Akija mwenyewe, akanisalimu kama muungwana, akasema namchukua mke wangu, mimi sitamzuia. Hajaja."

"Alikuja."

"Mbele yangu hajaja."

Subira aligeuza shingo kumtazama mama yake. Mama Zeituni alikuwa anakunja ncha ya leso, anaikunjua, anaikunja tena.

"Na wewe ulijua, Mama?"

Macho ya mama yalijaa maji, na hilo likawa jibu.

Filimbi ya mapumziko ikalia, bila bila. Timu zikabadilisha pande, na Oduor akaja kulinda goli la upande wao. Sasa Subira aliweza kuona namna alivyokonda, namna jezi ilivyomlegea mabegani. Kila mara mpira ulipokuwa mbali alitazama chini, anasugua nyasi kwa kiatu. Hakutazama jukwaani hata mara moja. Angetazama kwa nini? Aliamini hakuna mtu wake huko.

Nisimame, Subira aliwaza. Nisimame anione, basi.

Lakini akisimama, wazee wa Miwa nao wataona. Watamtoa Oduor golini katikati ya fainali, na wakifungwa, Muhoroni nzima itasema mtoto huyu ndiye aliyefungua mlango, kabla hajazaliwa. Asiposimama, filimbi ya mwisho ikilia, baba na kaka watamnyanyua kwapani na kumrudisha nyumbani wachezaji wakingali wanavua viatu. Kisha kadhi. Kisha talaka ambayo hakuiomba, na mtoto atakayeambiwa baba yake hakumtaka. Alipima huku na huku, na kote aliona ukuta.

Mtoto akamkalia kibofu tena, kwa uzito wake wote.

"Nataka kwenda choo," alisema.

"Ngoja mchezo uishe," alisema baba.

"Baba, siwezi."

"Ngoja."

Ndipo Mama Zeituni aliposimama. Wanawake wanyamavu wana saa yao. "Baba Saleh, mtoto amebanwa. Unataka aachie hapa mbele ya watu?"

"Basi Saleh awasindikize."

"Saleh ataingia choo cha wanawake?"

Wanaume wa ngazi ya juu walicheka. Mzee Bakari alisogeza magoti yake, kidogo sana, na Subira akapita kwa shida, tumbo likimsukuma baba yake bega.

Choo cha wanawake kilikuwa juu, nyuma ya jukwaa. Mama Zeituni alimshika mkono akaanza kushuka.

"Mama, choo kiko juu."

"Najua choo kiko wapi. Nyanyua buibui, usijikwae."

Waliposhuka, watu walianza kupisha. "Mama ana mimba, songeni." "Omera, toa hiyo miguu." "Mpatieni njia, mama wa watu atazalia hapa." Mkono wa mtu asiyemjua ulimshika kiwiko ukampa mkono mwingine, na mwingine, mashabiki wa Ziwa na vibendera vyao, mpaka akafika chini kwenye ua wa waya, nyuma kabisa ya goli. Mgongo wa Oduor ulikuwa hatua chache tu mbele yake, umelowa jasho katikati.

Alishika waya kwa mikono miwili. Uwanja mzima ulikuwa ukipiga kelele. Wa Miwa waliita Oduor, wa Ziwa walimtukana Oduor. Kulikuwa na jina moja ambalo hakuna aliyeliita, na aliyelijua vizuri kuliko wote alikuwa yeye, kwa kuwa alikuwa amelinong'ona gizani.

"Seif," alisema.

Hakulisema kwa nguvu. Oduor aliganda. Kisha akageuka polepole, kama mtu anayeogopa kwamba akigeuka haraka hatakuta kitu.

Aliuona uso kwanza. Macho yao yakashikana, na katika macho yake Subira aliona miezi miwili yote, kila usiku wake. Halafu macho hayo yakashuka. Mdomo ukafunguka. Aliinua mkono wenye glavu, akauacha hewani, hajui aupeleke wapi.

Nyuma yake winga wa Ziwa alikuwa amepiga krosi, na mtu akaigusa kwa kichwa. Mpira ulipita kando ya mguu wa Oduor ukajaa wavuni, na yeye hakuutazama.

Kisumu ililipuka. Watu walikumbatiana, kofia zikaruka. Katika jukwaa zima shabiki mmoja wa Ziwa hakuruka. Mzee Bakari alikuwa amesimama, bakora mkononi, anatazama chini kwenye ua.

Wazee wa Miwa nao walikuwa wameshaona. Walitoka benchi wakikimbia na makoti yao, wakionyesha tumbo la Subira kwa vidole. "Toa huyo. Toa. Mlango uko wazi." Kipa wa akiba aliitwa, na kwa kuwa timu ilikuwa na jezi moja tu ya kipa, Oduor alivua yake pale pale akamrushia, akabaki na fulana iliyotoboka. Hakwenda benchi. Alikuja kwenye waya.

"Waliniambia ametoka," alisema. Sauti ilikuwa haina nguvu.

"Yupo. Hata sasa ananipiga."

Alipenyeza vidole katika matundu ya waya, na Subira akasogea mpaka tumbo likagusa. Mtoto alipiga teke. Oduor alifumba macho.

"Niliwalilia wewe na yeye," alisema.

"Mimi niliambiwa hukuja."

"Nilikuja mpaka jirani yenu akazoea kunipa maji ya kunywa."

"Watakulaumu kwa hilo goli."

"Wacha walaumu. Nimefungwa goli moja, nimepata watu wawili."

Subira alicheka na kulia kwa pamoja, paji la uso likiwa kwenye waya wa moto. Walikuwa karibu hivyo na bado ua ulikuwa katikati, na geti lililokuwa mbali lilikuwa limefungwa mpaka mchezo uishe. Alisikia bakora ikigonga ngazi nyuma yake.

"Subira," alisema Mzee Bakari. Saleh alikuwa nyuma yake. "Twende nyumbani."

Subira hakugeuka. Mama Zeituni alisogea akasimama kati ya mumewe na bintiye, mikono ameikunja kifuani. Watu wa ngazi za chini waligeuka kutazama, na miongoni mwao walikuwa majirani wa Kibuye, wale wale waliosikia ahadi ya mzee.

Oduor aliondoa vidole kwenye waya. Alijifuta viganja kwenye fulana, akasimama wima.

"Assalamu alaikum, Baba."

Mzee Bakari hakujibu.

"Nimekuja mwenyewe," Oduor aliendelea, kwa sauti ya kusikika na wote. "Namchukua mke wangu. Ukitaka azae kwenu, nitakaa hapo nje ya mlango mpaka azae, nitakaa mpaka arubaini, halafu nimchukue. Ulisema jina nimelivaa kama jezi. Jezi nimeivua, Baba, unaona. Jina bado ninalo." Akairudia salamu. "Assalamu alaikum."

Salamu ile, Mwislamu akitolewa, hana ruhusa ya kuiacha chini. Kila aliyekuwa hapo alijua, na Mzee Bakari alijua kuliko wote. Kuijibu ni kukiri kwamba aliyeitoa ni Mwislamu mwenzake kweli. Alimtazama bintiye aliyeng'ang'ania waya, akaitazama ile alama nyekundu iliyochorwa na waya kwenye paji lake la uso.

"Waalaikum salaam," alisema mwishowe. Ilionekana yametosha, kisha akaongeza kwa sauti ndogo, "Seif."

Alikuwa hajawahi kumwita hivyo.

"Mchezo ukiisha uje getini," mzee alisema, akiikagua bakora yake kana kwamba ina kasoro. "Tutakwenda nyumbani pamoja. Saleh atakuomba msamaha njiani, na mimi nitakuwa nasikiliza." Aligeuka akaanza kupanda ngazi, taratibu, kama aliyezeeka ghafla.

Subira alirudisha tumbo lake kwenye waya, na vidole vikarudi mahali pake.

Mama Zeituni alijipangusa macho kwa leso, akakohoa. "Haya sasa," alisema. "Twende choo."

"Bado kidogo, Mama," alisema Subira.